Moto Ndani ya Gunia: Namna Joto Linavyoingia na Kutoka katika Mavuno Yetu



Mwisho wa saizo A, komite ya koperative moja ilituita kwa haraka tufike kwenye depo yao. Depo ni nzuri: kuta za matofali, mabati mapya, kufuli kubwa kwenye mlango. Magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa tangu chini paka karibu na mabati, na mengine yalikuwa yanagusa ukuta. Mama mtunza depo hakusema maneno mingi. Alitushika mkono, akauingiza katikati ya magunia mawili, akauliza: "Munasikia? Iko moto. Na hakuna mutu aliwasha moto humu."

Kweli, ilikuwa moto. Tuliposhusha magunia ya juu, yale ya katikati yalitoa harufu kama ya pombe iliyolala. Punje zilikuwa zimeshikana mabonge, na zingine zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Ukigusa gunia, mkono unalowana.

Nje ya depo watu walikuwa wameisha kukata maneno. Wengine walisema kuna mtu aliyetia dawa mbaya. Wengine walisema kwa sauti ya chini, lakini mama asikie, kwamba mtunza depo alimwagia mahindi maji ili kilo ziongezeke, apate kuchota sehemu yake. Tulipanda kutazama mabati: hakuna tundu hata moja. Tulitazama chini: sementi ilikuwa kavu. Basi maji yalitoka wapi? Na moto ulitoka wapi?

Vyote viwili, maji na moto, vilitoka ndani ya mahindi yenyewe. Yule mama hakuwa na kosa. Kama tunatafuta wenye kosa, sisi waagronomu tuko kwenye mstari wa mbele. Tulipofundisha koperative ile namna ya kupokea mahindi, tulifundisha kupima kilo na kuandika majina kwenye kaye. Habari ya kupima ukavu tuliipitisha mbio-mbio. Ndiyo sababu leo tunaomba tukae chini pamoja, tueleze jambo hili polepole.

Mahindi yanapumua

Katika Kiswahili chetu neno moto linabeba maana mbili: moto wa makala, na joto tunalolisikia mwilini. Kwa habari ya depo, maana hizo mbili ni ndugu.

Ukiwasha makala kwenye mbabula, makala inashikana na oksijeni ya hewa, inageuka kuwa gazi, na joto linatoka. Mwili wako unafanya kazi ya namna hiyo, lakini pasipo ndimi za moto. Unakula fufu, unavuta hewa, mwili unatumia chakula kile polepole, na joto linatoka. Ndiyo maana mtu mwenye afya anabaki karibu na degre 37 hata usiku wa baridi.

Punje ya mahindi nayo ni kitu chenye uhai. Ukiipanda itaota, basi haijakufa. Ndani yake kuna wanga, ule tunaosaga kuwa unga. Punje inatumia wanga huo kidogo kidogo ili iishi: inavuta oksijeni, inatoa gazi ya kaboniki, inatoa maji, inatoa joto. Yote hayo yanafanyika ndani ya gunia wakati sisi tumelala.

Kama punje ni kavu sana, karibu asilimia 13 ya maji, yaani kilo 13 za maji katika kilo 100 za mahindi, kupumua kwake ni kidogo sana. Tunaweza kusema inalala. Lakini kama imeingia depo na asilimia 18 au 20, inaamka. Na haiamki peke yake. Ukungu nao unaamka, na fukusi, wale wadudu wadogo wenye pua ndefu, wanaongezeka. Wote wanakula wanga, wote wanatoa maji na joto.

Sasa tazameni namna tatizo linavyokua. Gunia lililo katikati ya rundo limefunikwa pande zote na magunia mengine, na mahindi hayapitishi joto upesi. Yanakuwa kama blanketi. Joto likizaliwa pale katikati halipati njia ya kutoka. Pakiwa na joto, ukungu unaongeza mbio. Ukungu ukiongeza mbio, joto na maji vinaongezeka tena. Kile kitu kinajisukuma chenyewe, siku kwa siku, paka mtu aingize mkono na kushtuka.

Tufanye hesabu. Kilo moja ya wanga ikitumika yote kwa namna hii, inatoa maji zaidi ya nusu litri. Na joto linalotoka linatosha kupasha maji ya bidoni mbili na nusu za litri 20, kuyatoa degre 20 paka 100. Ni joto lile lile ungepata kama ungechoma kilo ile kwenye moto wa jikoni. Tofauti ni kwamba ndani ya gunia linatoka kwa majuma mengi.

Hapo mmepata jibu la maji yasiyo na tundu kwenye mabati. Hakuna aliyemwaga. Na mmepata jibu lingine linalouma zaidi: ule moto tuliousikia mkononi ulikuwa unga wenyewe, unaungua. Mkiweka mahindi yenye kutoa joto, kilo mnazozipoteza hazichukuliwi na mwizi. Zinatoka kama joto, gazi na mvuke.

Kuna jambo lingine linalosaidia kuharibu. Usiku mabati yanapoa. Hewa ya moto inayotoka ndani ya rundo inapanda na mvuke wake, inakutana na baridi ya juu, na mvuke unageuka kuwa matone, sawa na yale mnayoona kwenye kifuniko cha sufuria. Matone yanarudi juu ya magunia. Ndiyo maana mara nyingi ukungu unaonekana kwanza kwenye magunia ya juu na yale yanayogusa ukuta.

Hatari isiyoonekana

Siku ile kwenye depo, watu wengi walitaka kuokoa kitu. Tunawaelewa, juu jasho lao lilikuwa ndani ya magunia yale. Wengine walisema: tuanike tena, tusage, tukule. Wengine walisema: tuuzie wenye kufuga nguruwe na kuku. Tulikataa, na tulikataa kwa nguvu.

Ukungu wa namna ile unaweza kutengeneza sumu inayoitwa aflatoksini. Haina harufu, haina ladha. Kuipika hakuiondoi, kuchemsha fufu kwa saa nzima hakuiondoi. Inaharibu ini. Kidogo kidogo kwa miaka mingi inaweza kuleta kansa ya ini. Nyingi kwa mara moja inaua. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waligonjwa na 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hii. Walio wengi walikula mahindi ya kwao wenyewe, yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Ilikuwa chakula cha nyumbani, walichokilima wenyewe.

Mnyama naye haokoki. Kuku anaweza kufa, na ng'ombe anaweza kupitisha sumu ndani ya maziwa, mtoto akaikunywa. Kwa hiyo mahindi yenye ukungu tuliyazika kwenye shimo refu, mbali na kisima. Ilikuwa siku ya huzuni. Mzee mmoja alisimama karibu na shimo, akasema tu: "Tulilima miezi ine, tunafukia siku moja."

Kukausha ni kulipa joto

Tumeongea juu ya joto linalotoka. Kuna pia kazi zinazovuta joto, na kubwa kati ya hizo ni kukausha.

Wamama wanajua jambo hili kuliko sisi. Weka sufuria ya maji jikoni. Kuyafikisha kwenye kuchemka kunachukua muda fulani. Sasa acha sufuria ikauke kabisa kwa moto ule ule. Itachukua muda mrefu zaidi, na utaongeza makala. Ni kwamba kugeuza maji kuwa mvuke kunahitaji joto karibu mara saba ya lile la kuyapasha kutoka ubaridi wake paka yachemke. Na wakati wote ule maji yanachemka, hayazidi kuwa moto; joto lote linaishia katika kuyageuza.

Hata pasipo jiko, maji yanapokauka yanavuta joto mahali fulani. Ukitoka shambani na jasho, upepo ukikupiga unasikia baridi: jasho linakauka na linachukua joto la ngozi yako. Chungu cha udongo kinachotokwa jasho nje kinapoza maji ya kunywa kwa njia ile ile.

Sasa turudi kwenye mahindi. Kilo 100 zenye asilimia 20 ya maji, ili zifike asilimia 13, inabidi karibu litri 8 za maji zitoke. Joto linalohitajika kutoa litri zile 8 ni sawa na la kuchemsha karibu bidoni tatu za maji za litri 20. Kwa gunia moja tu! Nani atalipa joto hilo? Jua na upepo ndio wanalipa bure, lakini wanaomba siku zao. Tulipouliza wanamemba wa koperative ile walianika siku ngapi, mama mmoja alitujibu bila kuficha: "Siku mbili tu, agronomu. Mvua ilirudi, na watoto walikuwa wanangoja feza ya masomo." Siku mbili za mawingu hazikulipa deni. Deni likaingia depo pamoja na mahindi.

Basi ili jua na upepo walipe upesi, tufanye hivi. Tutandike mahindi juu ya bashi au mkeka, si juu ya udongo, maana udongo unarudisha unyevu. Tabaka iwe nyembamba, upana wa vidole viwili au vitatu, na tugeuze mara nyingi kwa siku. Tuchague mahali penye upepo, kwa kuwa upepo unabeba mvuke. Jua kali pasipo upepo linafanya kazi nusu. Jioni tukusanye na kufunika mbele ya umande kushuka. Na siku ya mwisho tusifunge magunia saa nane za jua, mahindi yakiwa bado moto. Tuyaache yapoe kivulini, ndipo tufunge. Ukifunga joto ndani, usiku litakutengenezea matone.

Moto huo huo, kwenye mahali pake

Jambo linaloharibu depo linaweza kutusaidia shambani. Rundo la komposti linatoa moto kwa sababu ile ile: vimelea vidogo vinakula majani na mavi, vinapumua, vinatoa joto. Tofauti ni kwamba hapa tunautaka ule moto.

Rundo lililopangwa vizuri linafika degre 55 hadi 65 katika siku za kwanza. Joto hilo linaua mbegu nyingi za majani mabaya na magonjwa mengi ya mimea. Ndiyo maana rundo dogo halifanyi kazi: joto lake linakimbilia nje haraka. Fanyeni rundo la angalau metre moja kwa urefu, kwa upana na kwa kwenda juu. Changanyeni vitu vikavu, kama mabua na majani makavu ya migomba, na vitu vibichi, kama titonia, majani ya maharagi, mavi ya mbuzi, ya kobayi au ya kuku. Funikeni kwa majani ya migomba.

Termometre ya komposti ni fimbo. Ichomekeni paka katikati ya rundo, muiache pale. Baada ya siku tatu au ine muitoe na kuishika sehemu ya ndani. Kama ni moto sana, mkono unataka kuiachia, kazi inaendelea. Kama ni vuguvugu na kavu, ongezeni maji. Kama ni baridi na inanuka vibaya, maji yamezidi na hewa haingii. Geuzeni rundo na kuongeza vitu vikavu. Rundo likiisha kugeuzwa mara kadhaa na halitoi moto tena, linanuka udongo, limeiva. Msilipeleke kwenye miche mbele ya hapo, maana kazi ya kuoza itaendelea pale pale kwenye mizizi, na miche inaweza kuungua.

Ndugu zetu wa Beni na Mambasa wanaolima kakao wanaujua moto huu pia. Kakao mbichi ikiwekwa ndani ya kasha na kufunikwa na majani ya migomba, sukari ya ule ute mweupe inageuka kuwa pombe, na pombe inageuka kuwa siki. Joto linapanda hadi degre 45 au 50. Ni joto hilo pamoja na ile siki vinavyoua kiini cha mbegu na kuandaa ladha ya shokola. Kasha likibaki baridi, kakao haikuiva, na mnunuzi atajua akikata mbegu.

Chokaa na urea: moja inachoma, moja inapoza

Katika milima ya Walungu na Kabare, ambako udongo una asidi nyingi, tunashauri chokaa. Chokaa ya mawe yaliyosagwa tu haina hatari ya moto. Lakini ile iliyotoka kwenye tanuru, ambayo bado haijawekewa maji, ni kitu kingine. Ilipochomwa ilivuta joto nyingi sana na kulificha. Ukiimwagia maji, sehemu ya joto lile inarudi nje kwa mara moja. Kilo moja inaweza kuchemsha karibu litri tatu za maji. Inachoma mikono na inaweza kuharibu macho. Msiifungie ndani ya bidoni yenye maji, iko na nguvu ya kupasua. Muiweke kidogo kidogo ndani ya maji mingi, mkiwa mbali na watoto. Ikiruka machoni, osheni kwa maji safi mingi kwa muda mrefu, kisha mkimbilie kituo cha afya.

Urea inafanya kinyume. Ukiikoroga ndani ya maji, bidoni inapoa mkononi, juu inavuta joto la maji ili iyeyuke. Wakulima wengine walituuliza kama urea ya namna hiyo ni ya bandia. Hapana. Kupoa ni tabia yake.

Ya kufanya kwenye kila depo

1. Tupime ukavu mlangoni. Chukueni chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, mtie mahindi paka theluthi moja, na vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu kabisa. Tikiseni kwa dakika kadhaa, kisha muache chupa itulie robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15: yarudi juani. Isiposhikamana, yako chini ya 15. Bado tuongeze siku moja au mbili za jua kali ili yakaribie 13.

2. Magunia yakae juu ya mbao, si juu ya sementi. Yaachane na ukuta nafasi ya mtu kupita, na yasikaribie mabati.

3. Kila juma mtunza depo aingize chuma kirefu katikati ya rundo, akiache dakika kumi, akitoe na kukishika. Chuma kikiwa moto kuliko hewa ya depo, magunia yashushwe siku ile ile. Kungoja juma lingine ni kuacha unga uungue.

4. Ile mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa ni mizuri juu ya fukusi, lakini ni ya mahindi makavu tu. Mahindi yenye maji yataoza ndani yake.

5. Sheria iwe moja kwa wote, tangu memba mpya paka prezida.

Tulirudi kwenye koperative ile mwisho wa saizo B. Mlangoni mwa depo tulimkuta mama yule yule, na chupa yake ya chumvi juu ya meza. Mkutano mkuu ulikuwa umemwomba msamaha mbele ya wote, na ulimwachia funguo. Siku tuliyofika alikuwa ameisha kurudisha magunia ya watu watatu, na moja lilikuwa la mtu wa komite, ambaye alinung'unika. Mama alimpa chupa aitikise mwenyewe. Alitikisa, akatazama chumvi iliyoshika kioo, akabeba gunia lake akarudi nalo juani.

Tuliingia ndani, tukaweka mkono katikati ya magunia. Yalikuwa baridi.